Magari Makubwa ya Kifahari: Uwezo Upo, Je, Uvumilivu?

Wengi wenu mmezoea kupata hapa mambo ya programu, simu na intaneti. Leo nataka tuzungumze juu ya magari. Msinikimbie. Magari ninayotaka kuyazungumzia yana kompyuta nyingi kuliko ofisi ninayofanyia kazi, na hoja yangu yote imelalia hapo.

Ukisimama kando ya Ngong Road asubuhi utayaona yamepanga foleni: Land Cruiser V8, Range Rover, Lexus LX, Mercedes G, BMW X5, Porsche Cayenne. Mengi yamebeba mtu mmoja na mkoba wake. Yameinuka, yana mabega mapana, na ukiyatazama unadhani yameumbwa kukanyaga mawe. Matangazo yake nayo hayabadiliki. Gari linavuka mto, linapanda jabali, vumbi linatimka nyuma, na hakuna binadamu mwingine hadi upeo wa macho. Tangazo likiisha, gari linarudi kwenye foleni ya Ngong Road.

Je, ni magumu kweli kama sura zake? Watu wengi hujibu kwa ile methali ya mkakasi, kwamba uzuri ni wa nje tu na ndani ni kipande cha mti. Mimi sikubaliani nao, na matangazo pia siyakubali. Kwa wale wenye haraka, jibu langu ni hili: uwezo wa kupita mahali pagumu mengi yanao, tena kuliko tunavyodhani. Kinachokosekana ni uvumilivu, yaani kupita, kuumia njiani, na bado kurudi nyumbani. Zamani vitu hivi viwili vilitembea pamoja. Siku hizi vimeachana, na programu za kompyuta zina mkono katika talaka hiyo.

Walikotoka

Range Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1970. Ilikuwa na injini ya V8, springi za koili badala ya zile bapa za Land Rover, na ndani ilikuwa ya plastiki tupu ambayo mkulima angeweza kuiosha kwa mpira wa maji. Anasa ilikuja baadaye: milango minne mwaka 1981, kisha giaboksi ya otomatiki, viti vya ngozi na mbao za kung'aa.

Mwaka 1971 kikosi cha Waingereza kikiongozwa na John Blashford-Snell kilianza safari kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Amerika kwa Range Rover mbili. Kati ya Panama na Kolombia kuna msitu na vinamasi vya Darién, ambako hadi leo hakuna barabara. Kipande hicho kilimaliza miezi mitatu hivi ya mwaka 1972. Magari yalivishwa matairi makubwa ya kinamasi, na difu zikaanza kupasuka. Ilibidi Land Rover kuukuu inunuliwe Panama ili itangulie kutafuta njia, na vipuri vikaletwa kwa ndege. Mafundi walilala chini ya magari humo humo msituni, wakafungua, wakafunga, na safari ikaendelea mpaka mwisho.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakifichi kitu. Gari lilivunjika, tena vibaya. Lakini mtu mwenye spana, kipuri na mwanga wa mchana aliweza kuliinua tena. Huo ndio uvumilivu ninaousema.

Ndugu zake walizaliwa katika kazi vile vile. Land Cruiser ilianza mwaka 1951 kama gari lililofanana na jipu la jeshi. Mercedes G ya mwaka 1979 ilikusudiwa jeshi, polisi na mashamba. Kisha wakaja wageni: BMW X5 mwaka 1999, Porsche Cayenne mwaka 2002, Bentley Bentayga mwaka 2015, Lamborghini Urus mwaka 2017 na Rolls-Royce Cullinan mwaka 2018. Kampuni zilizojijengea jina kwa starehe na kasi ziligundua kwamba mteja wao anataka kuketi juu.

Chini ya bodi

Sasa tuiname tuangalie chini. Kuna mambo matatu ambayo hayawezi kufichwa na rangi.

La kwanza ni chasisi. Land Cruiser, Lexus LX, Mercedes G na Cadillac Escalade bado yana chasisi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vipande vya kukatiza, na bodi imekalishwa juu yake. Range Rover iliacha mtindo huo katika kizazi cha tatu kilichoingia sokoni mwaka 2002. Bodi na chasisi vikawa kitu kimoja. Tusiwe waonevu hapa. Bodi ya kisasa ya namna hii inaweza kuwa imara sana, na gari hutulia zaidi barabarani. Ila ikipinda, jua kali hakuna wa kuinyoosha kwa nyundo na gesi.

La pili ni gia nzito, ile ya ziada inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu wakati wa kupanda mawe au kutoka matopeni. Land Cruiser inayo, Mercedes G inayo, Range Rover kubwa inayo. BMW X5 haijawahi kuwa nayo. Cayenne ya mwaka 2002 ilikuwa nayo, na ilipofanywa upya mwaka 2010 ikaondolewa. Hiyo siri ni ya hesabu tu: gia nzito ina uzito na gharama, na mteja wa mjini haigusi. Mtengenezaji anajua vizuri kuliko mnunuzi gari litaenda wapi.

La tatu ni matairi, na hapa ndipo napenda kumpima mtu anayejisifu. Tazama namba zilizo ubavuni mwa tairi. Ikiwa imeandikwa 285/40 R22, maana yake upana ni milimita 285, kimo cha ubavu wa mpira ni asilimia 40 ya upana huo, na rimu ni inchi 22. Piga hesabu: ubavu ni milimita 114. Sasa chukua tairi la 265/70 R16 la gari la kazi. Ubavu wake ni milimita 185.5. Mpira huo wa ziada ndio unaomeza jiwe kabla jiwe halijafika kwenye rimu, na ndio unaokuruhusu kupunguza upepo ukafikia mchanga. Gari la mamilioni lililovaa tairi la ubavu mwembamba ni sawa na mtu aliyepanda Mlima Kenya kwa viatu vya harusi. Miguu anayo, mapafu anayo, ila viatu vitamwangusha.

Programu ikichukua kazi ya chuma

Nimesema uwezo upo, na sharti niutetee. Mwaka 1997 Land Rover ilitoa Freelander, gari dogo lisilo na gia nzito. Badala yake iliwekewa mfumo wa kushuka mlima ambamo kompyuta hukanyaga breki za kila gurudumu kwa zamu na kwa kipimo. Kazi ya chuma ilipewa programu. Mwaka 2004 Discovery 3 ikaja na kitufe cha kuzungusha: chagua mchanga, matope, mawe au nyasi, na kompyuta inabadilisha mwitikio wa injini, giaboksi, difu na kimo cha gari kwa pamoja. Range Rover iliyotoka mwaka 2012 inaweza kupita maji ya kina cha milimita 900. Mwaka 2024 Mercedes ilionyesha G ya umeme yenye mota nne, moja kwa kila gurudumu. Kufuli za difu zilizolipa gari hilo sifa hazimo, kazi yake inafanywa na programu.

Kama mwandishi wa programu, navua kofia. Hiki ni kipaji. Dereva ambaye hajawahi kuendesha kwenye mchanga anapita mahali ambapo babu yake angehitaji miaka kumi ya mazoezi.

Lakini kila mwandishi wa programu anajua gharama ya utegemezi. Tangu Bosch ilipoutangaza mfumo wa CAN mwaka 1986, kompyuta ndogo ndani ya gari zimekuwa zikizungumza kupitia nyaya za pamoja, kama watu waliokaa kwenye baraza moja. Chukua sensa inayohesabu mzunguko wa gurudumu. Habari yake inatumiwa na breki, na mfumo wa kuzuia utelezi, na mfumo wa kushuka mlima, na ule wa kuchagua matope au mchanga. Jiwe likikata waya mmoja wa sensa hiyo, dashibodi inawaka kama mti wa Krismasi, na yale uliyolipia zaidi ndiyo yanayozimika kwanza.

Kisha kuna hali ya kujikinga. Kompyuta ikiona jambo isilolielewa, inapunguza nguvu ili injini isiharibike na inakuambia uende karakana. Ni uamuzi wa busara, mjini. Mtu aliyeandika sharti hilo alikuwa na picha kichwani: karakana iko karibu, simu ina mtandao, na gari la kuvuta litakuja jioni. Hapo ndipo sura ya gari na programu yake zinapopingana. Sura inasema, nipeleke mwisho wa dunia. Programu inasema, tusiende mbali na fundi wangu.

Njia ya Baragoi

Miaka miwili iliyopita nilisafiri kaskazini na mteja wetu mmoja kupeleka kompyuta na paneli za sola katika shule moja upande wa Baragoi. Yeye alikuwa na SUV yake ya kifahari, ya kampuni nisiyoitaja. Mizigo tuliipakia kwenye pikapu kuukuu ya Land Cruiser iliyoendeshwa na mzee mmoja wa Maralal.

Baada ya Maralal lami ikatuaga. Asubuhi yote SUV ile ilitutia aibu sisi wa pikapu. Kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, ilipita kama iko kwenye zulia, huku sisi tukishuka kusukuma. Mteja alishusha kioo akacheka.

"Mzee, hiyo gari yako imechoka!"

"Imechoka, mkubwa," mzee akajibu. "Lakini inajua nyumbani."

Saa nane hivi SUV ilianza kushuka upande mmoja wa mbele. Springi zake hazikuwa za chuma. Zilikuwa mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa, na mmoja ulikuwa umetoboka. Dakika chache baadaye gari zima lilikaa chini kama kuku aliyeatamia. Onyo likatokea kwenye kioo: endesha polepole, wasiliana na karakana. Mtandao wa simu haukuwepo. Nilikuwa na kifaa changu cha Bluetooth cha kusoma hitilafu za gari, kile cha bei rahisi, nikakichomeka. Kilisoma injini vizuri, injini haikuwa na tatizo lolote. Springi za hewa zilikuwa na kompyuta yake, na lugha yake haikuifahamu.

Mteja alirudi Maralal kwa mwendo wa mtu anayetembea, tumbo la gari likigusa mawe. Fundi wa huko, kama tulivyosimuliwa baadaye, alilizunguka mara mbili, mikono ikiwa mfukoni.

"Bosi, hii siigusi. Nikifungua hapa, taa ingine itawaka pale. Hii inataka laptopu ya Nairobi."

Likapandishwa lori. Sisi tuliendelea na pikapu. Kabla ya jua kutua, jani moja la springi lilivunjika. Mzee alishuka, akakata kipande cha mti, akakifunga kwa mpira wa tairi kuukuu, akanawa mikono. Dakika arobaini. Kesho yake kompyuta kumi na mbili zilikuwa juu ya meza na watoto wamejazana dirishani.

Najua mtasema nasifu ukale. La. Pikapu ile na zile Land Rover za kubeba abiria za zamani huharibika mara nyingi kuliko SUV mpya. Mzee mwenyewe alikiri hapiti wiki bila kushika spana. Zinakunywa mafuta, zinatikisa figo, na kwa usalama wa ajali SUV ya kisasa inazishinda mbali. Ukihesabu mara ngapi gari linaharibika, la kifahari linashinda. Ukihesabu ni watu wangapi kati ya hapo lilipoharibika na nyumbani wanaoweza kulitengeneza, linashindwa vibaya.

Angalieni pia wale ambao kazi yao ni kufika. Polisi, ambulensi na mashirika ya misaada kaskazini hutumia sana Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo ilianza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. Kwenye Rhino Charge, mashindano yanayofanyika hapa kwetu tangu mwaka 1989, mshindi ni yule anayefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hiyo wanakata moja kwa moja mabonde na majabali. Magari yanayotamba huko yamevuliwa kila kitu. Ngozi na mbao zimebaki nyumbani.

Kiinua mgongo cha mjomba

Jambo hili si la wenye pesa peke yao. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lililotumika kama halijazidi miaka minane. SUV ya kifahari ya miaka saba inafika Mombasa ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya bei yake, na ghafla mwalimu mstaafu anaona ndoto iko karibu. Bei imeshuka, lakini gharama ya vipuri haikushuka nayo. Kompresa ya gari la miaka saba inauzwa kwa bei ya gari lilipokuwa jipya.

Mjomba wangu alistaafu baada ya kufundisha zaidi ya miaka thelathini, mingi ikiwa ya kupanda milima ya Taita kwa miguu. Aliniita.

"Mpwa wangu, wewe umesomea kompyuta. Nimeona gari kwenye intaneti, kubwa, la kifalme. Barabara yetu unaijua. Hili si litapanda?"

"Litapanda, mjomba. Siku likikataa, nani atalifungua hapa Wundanyi?"

Alinyamaza. Kisha akasema neno ambalo hesabu zangu hazikuwa na mahali pa kuliweka.

"Nimepishana na magari ya watu maisha yangu yote, nikifunikwa na vumbi lao. Nataka na mimi nionekane nimefika."

Siwezi kumcheka. Heshima ni haja kama haja nyingine, na yeyote asemaye ananunua gari kwa akili peke yake hajawahi kula vumbi la wengine. Nilichomwambia ni kwamba gari lililolala kwenye uwanja wa nyumba likisubiri kipuri miezi miwili linaonekana pia, na majirani wanalipita kila siku. Mwishowe alichukua Prado ya kawaida: chasisi ya ngazi, gia nzito, springi za chuma, viti vya kitambaa, rimu ya inchi 17. Pesa zilizobaki zilimaliza tangi la maji. Kijijini wanamwita mheshimiwa vile vile.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kama una macho kwenye gari la namna hii, uliza haya:

1. Ubavu wa tairi ni milimita ngapi, na je, rimu ndogo zaidi inaweza kuingia bila kugusa breki?
2. Springi ni za chuma au za hewa? Kama ni za hewa, mfuko ukitoboka gari litatembea vipi? Wapo wamiliki walioongeza vali ya kawaida kama ya baiskeli ili waweze kujaza kwa pampu. Hilo ndilo suluhisho la akili zaidi nililoliona.
3. Lina gia nzito ya chuma, au ni programu inayoigiza?
4. Mtu wa karibu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta zake zote yuko kilomita ngapi kutoka unakolala?
5. Sensa moja ikifa, nini kingine kinakufa nayo?

Swali la tano ndilo ninaloulizwa mimi kazini. Tunapojenga mfumo wa malipo, tunataka sehemu moja ikianguka zilizobaki ziendelee kuhudumia watu, hata kwa uchache. Sioni kwa nini gari lililotangazwa kwa jangwa lidaiwe chini ya hapo. Wangeweza kufungua lugha ya kompyuta zake kwa mafundi wote. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani sheria ya kulazimisha hilo ilipitishwa mwaka 2012. Wangeweza kuweka njia ya mkono kwa kila jambo la kutembea: kuinua gari, kutoa gia, kuwasha injini. Chuma wanacho na akili wanazo. Hawajaulizwa tu, kwa sababu wanunuzi wengi hawatoki mjini.

Basi siku ukipishana na moja kwenye Ngong Road, usimdharau mwenyewe, na usilionee gari. Lina nguvu kweli. Muulize tu, kwa upole, fundi wake yuko wapi.

Kwa leo niishie hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya hifadhidata.